Kwa Deusi, Mstari wa Tatu

"Mimi Deusdedit Wambura," alisema, akainua glasi yake ya sharubati kama padri anavyoinua kikombe, "sitakanyaga ardhi ya Tanzania mpaka nijue ni nani aliyeipa Napoca jina lake. Na nikimjua, nanyi mtamsoma vitabuni."

Ilikuwa Saba Saba ya mwaka 1969, katika ukumbi wa kukodi nyuma ya maduka ya Vällingby, kitongoji cha Stockholm. Walikuwapo watu thelathini hivi: wanafunzi, manesi wa mafunzo, na mchungaji mmoja mzee wa Kiswidi aliyewahi kukaa Bukoba, ambaye hakukosa pilau ya Watanzania hata mara moja. Wakapiga makofi. Napoca yenyewe hakuna aliyeijua. Mmoja alidhani ni ugonjwa, mwingine akadhani ni mwanamke, na huyu wa pili ndiye aliyepiga makofi kwa nguvu zaidi.

Napoca ni mji wa kale. Kaskazini ya mto Danube, katika nchi inayoitwa leo Romania, walikuwa wakiishi Wadaki, watu wa milima na ngome, mpaka Kaisari Trajani alipowajia na majeshi yake akawamaliza ubishi mnamo mwaka 106. Miaka miwili baadaye askari wa Kirumi wakajenga barabara, wakasimamisha jiwe kando yake, na juu ya jiwe wakaandika kwamba kutoka Potaissa mpaka Napoca ni maili kumi. Hapo ndipo jina hilo linapoonekana kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo, kimya. Baadaye Kaisari Hadriani akapapandisha hadhi pakawa mji, akabandika jina la ukoo wake mbele, kama mkubwa yeyote anavyobandika jina lake kwenye zahanati ambayo hakuijenga. Lakini Napoca lenyewe halikuwa jina la Kirumi. Walilikuta. Walilikuta kwa nani? Wapo wataalamu walioapa kwamba linatokana na neno la kale la maji yanayotiririka, wapo walioapa kwamba ni bonde lenye miti, na wengi wao waliapa kwa Kijerumani, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kucheka.

Deusdedit alithubutu. Alikuwa amefika Stockholm mwaka 1967, kijana wa miaka ishirini na sita aliyetoka seminari bila upadri, na Kilatini kingi kuliko nguo. Hoja yake aliitoa nyumbani, upande wa Mara. Kwao kitongoji hakiitwi kwa mto wala kwa bonde. Kinaitwa kwa mwenye mji. Pale walipokuwa wakikaa paliitwa Kwa Wambura, kwa sababu baba yake ndiye aliyekita nguzo ya kwanza. Baba alipofariki, mama akabaki na mji, mji ukachukua jina la mwana wa kwanza, ukawa Kwa Deusi. Mgeni akiuliza hapa ni wapi, hilo ndilo jibu, na mwenye swali la pili ni mpelelezi. Basi, alisema Deusdedit, mtazameni huyo askari wa Kirumi na patasi yake mkononi. Anahitaji jina la kuandika. Anamwuliza mtu wa kwanza anayemkuta mlangoni, na mtu huyo anajibu kama anavyojibu yeyote aliye mlangoni pake: anamtaja mwenye mji. Kwa hiyo Napoca ni jina la mtu, na aliyelitaja ni mwenyeji fulani aliyeulizwa swali na mwenye silaha.

Profesa wake wa chuo kikuu alifurahi sana. Alisema ni wazo zuri mno, na kwamba halina ushahidi hata chembe. Waswidi wakisema hivyo hawajakukatalia. Wamekupa miaka mitano.

Ile ahadi ya Vällingby wengine waliisahau kabla sufuria hazijaoshwa. Watu husema mengi wakishika glasi. Lakini kwao Deusdedit, neno ambalo mwanamume amelisema akiwa wima, mbele za watu, kikombe mkononi, halimezwi tena. Anayelimeza hakai tena barazani na wenzake. Hata pombe anapewa ya kunywea nje, karibu na mbuzi. Alilisema akijua. Alidhani ni la mwaka mmoja.

Basi akafanya kazi. Kila jiwe lililopata kuchimbwa huko Dacia, nchi ya Wadaki, na kutaja Napoca lilipata kadi yake: limeonekana wapi, nani aliliandika, kwa amri ya nani, mwaka gani. Kadi zilikaa katika sanduku la viatu. Mwaka 1971 fedha za masomo zikakatika na sanduku lilikuwa nusu tu. Akaenda kuomba kazi katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, mahali penye mvuke mpaka ukisikia mtu anakohoa hujui ni nani. Huko akakutana na Obiero, Mkenya wa Kisumu, aliyekuja kusomea uhandisi na sasa anahandisi foronya. Obiero ndiye aliyempa jina la Bwana Napoca.

"Hebu niambie, Bwana Napoca," Obiero alimwuliza siku moja wakikunja mashuka, huyu ncha hii na yule ncha ile. "Hiyo jina ukiipata, utaipeleka soko gani?"

Deusdedit akamjibu kwamba kuna vitu visivyopelekwa sokoni.

"Ndiyo. Hivyo ndivyo vinakaa na wewe mpaka vinaoza."

Barua za nyumbani zilikuja mara tatu kwa mwaka. Mama yake, Leokadia, hakujua kuandika. Alikuwa akisema, na Mashauri, katekista wa kigango chao, akiandika. Kila barua iliuliza habari ya lile jina kama watu wanavyouliza habari ya mgonjwa. Limepatikana? Bado? Tunaliombea. Mwanzoni mwa mwaka 1972 ikaja barua fupi kuliko zote. "Mama yako anasema macho yake yanaingia ukungu," Mashauri aliandika. "Anasema jina halina miguu, litakungoja. Yeye ana miguu na anaondoka."

Nauli alikuwa nayo. Hili lisemwe wazi, maana yeye mwenyewe hakulificha baadaye. Alikuwa ameiweka benki, imetimia, ya kwenda na hata ya kurudi. Akaisoma barua ile mara nyingi, akamwandikia mama kwamba amebakiza sura moja tu, na kiangazi kilipofika akaitoa ile nauli na kupanda treni kwenda Romania.

Siku tatu njiani. Akakuta mji mkubwa, Cluj, umekalia mji wa kale kama mama mnene aliyekalia kigoda. Kigoda unajua kipo, hukioni. Makumbusho wakamwonyesha mawe. Alisimama kwenye pembe ya barabara akamwuliza kikongwe mmoja, kwa Kilatini cha seminari alichokikunjakunja kifanane na lugha ya pale, kwamba zamani hapa paliitwaje. Kikongwe akamwuzia nyanya. Akarudi Stockholm na kadi kumi na moja mpya na viatu vilivyotoboka. Sura moja ikabaki vilevile sura moja.

Mwezi wa kumi mwaka 1974 gazeti likaandika kihabari kidogo, chini ya matokeo ya mpira: serikali ya Romania imeurudishia mji wa Cluj jina lake la kale, sasa utaitwa Cluj-Napoca. Deusdedit alilikata gazeti lile katikati ya mvuke akalia. Jina lililokuwa limekaa mavumbini zaidi ya miaka elfu moja na mia sita limetolewa, limepanguswa, limebandikwa kituo cha treni. Siku hiyohiyo akamwandikia mama barua ya kurasa nne. Alimweleza kwamba majina hayafi; ni watu tu wanaoyaweka mahali wakasahau walipoyaweka.

Barua ikarudi mwezi wa tatu. Juu ya bahasha mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: Kijiji hakipo.

Akaandika nyingine, ikarudi. Akamwandikia Mashauri, ikarudi. Ya nne akaipeleka ofisi ya wilaya, akieleza kwa Kiswahili cha adabu kwamba anamtafuta mama yake, Leokadia, mjane wa Wambura, wa kijiji cha Nyamokera. Jibu lilichukua miezi mitano. Lilisema kwamba kufuatana na operesheni ya kuhamia vijiji vya ujamaa, wananchi wote wa eneo hilo wamehamishiwa katika vijiji vipya, na jina alilotaja halimo tena katika orodha. Ndugu anaombwa kutaja jina jipya la kijiji ili asaidiwe.

Jina jipya ndilo alilokuwa akiliuliza.

Wenzake walijaribu kumfariji, kila mtu kwa kipaji chake. Mmoja alisema nchi inajengwa, lazima watu wasogee. Ndiyo, watu husogea. Mwaka aliofika Deusdedit, Waswidi wote walihama alfajiri moja kutoka kuendesha magari upande wa kushoto kwenda kulia, nchi nzima, na hadi saa ya chakula cha mchana kila mtu alikuwa amefika kwa mama yake. Obiero naye akasema lile ambalo wote walikuwa wanaliogopa.

"Wewe si ndiye profesa wa majina ya vijiji?"

Halafu akajuta. Siku nzima alikunja mashuka ya Deusdedit na yake.

Angeweza kwenda. Nauli haikuwapo, lakini ingeweza kukopwa kwa watu thelathini. Lakini aende, ateremke wapi? Basi la kutoka Musoma linataka kujua unashukia kijiji gani. Na ile ahadi ilikuwa bado imesimama wima mahali pale alipoiacha, kikombe mkononi. Akawa anarudi chumbani, anapanga kadi. Akiona jiwe jipya limetajwa katika jarida, analiandikia kadi. Mtu akimwambia ale, anakula. Rangi yake ikawa kama ya mashuka aliyokuwa akiyafua. Clementina, nesi wa Kihaya aliyekuwa akimchukulia kama kaka, alimwambia aende kwa daktari. Akajibu kwamba daktari atamwuliza anatoka wapi.

Saba Saba ya mwaka 1976 ilifanyika nyumbani kwa Clementina, kitongoji cha Alby, ghorofa ya saba, treni ikipita huko chini kila baada ya dakika kadhaa na watoto wakijibu kwa Kiswidi kila walichoambiwa kwa Kiswahili. Kulikuwa na mgeni. Aliitwa Januari, mpima ardhi, kijana wa ofisi za Musoma aliyeletwa kwa kozi ya miezi sita ya kuchora ramani. Mgeni kutoka nyumbani huwa ndiye gazeti na redio ya siku hiyo. Aliulizwa habari ya sukari, ya mvua, ya Simba na Yanga. Alikuwa msimuliaji mzuri, na alipoona watu wanacheka akaendelea.

Alisimulia walivyokuwa wakipima viwanja katika kijiji kipya kinachoitwa Nguvumoja. Kamba, vigingi, mistari iliyonyooka, namba kila nyumba. Wazee walikuwa wanagoma kukariri namba. Kulikuwa na bibi mmoja, jamani, bibi mfupi, macho hayaoni vizuri, ameshushwa kwenye lori na kuku wawili na mlango. Mlango wa nyumba yake ya zamani, ameubeba. Nyumba hana, mlango anao. Watu wakacheka sana. Januari akamfikia na daftari, akamwambia: bibi, wewe ni mstari wa tatu, namba kumi na nne. Bibi akasema hapana. Hapa ni Kwa Deusi.

Chumbani kicheko kilianza kukatika, kwa wale waliomjua Deusi ni nani. Januari hakumjua.

"Nikamwambia, bibi, Kwa Deusi kumebaki kule, huku ni kupya. Akanishika mkono, hivi, hauachi. Akasema, 'Mwanangu akija hataulizia namba. Ataulizia Kwa Deusi. Andika.' Tumesimama juani saa nzima. Basi mimi nikaona, huyu bibi atatuchelewesha, nikaandika kwenye ramani kwa penseli. Mkubwa wangu hakuangalia, karani akaipiga wino. Mpaka leo mstari mzima wa tatu unaitwa Kwa Deusi! Watoto wa pale ukiwauliza Deusi ni nani wanakwambia ni mzungu wa misheni."

Clementina alisimama na bakuli la kachumbari mkononi, hakuliweka wala hakulipitisha.

Deusdedit alikuwa amekaa karibu na dirisha. Akatoa mfukoni kadi moja tupu na kalamu. Siku hizo hakutoka bila hivyo. Akauliza, kwa sauti ya darasani, ilikuwa tarehe ngapi. Januari akasema mwezi wa tisa, 1974, tarehe hakumbuki. Nani aliuliza jina? Mimi. Nani alijibu? Yule bibi. Nani aliandika? Mimi, kaka, kwani vipi? Kwa amri ya nani? Januari akaangalia watu usoni mmoja mmoja, akaanza kuelewa kwamba kuna shimo mbele yake, na kwamba amekwisha kuingia.

"Na yuko wapi sasa, huyo bibi?" Deusdedit akauliza.

"Alifariki mvua zile za mwanzo," Januari alisema polepole. "Wazee wengi walifariki, nyumba hazijaezekwa. Alizikwa palepale kiwanjani. Kaka, shikamoo. Sikujua. Unisamehe."

"Alisema mwanawe yuko wapi?"

"Alisema yuko masomoni."

Deusdedit akaandika hilo nalo. Kadi ilipojaa akaigeuza, akamalizia nyuma, akapuliza wino ukauke. Kisha akaomba maji.

Ungedhani mambo yangeishia kwenye kilio, watu wakamlilia mama wa mtu kama desturi, na kweli walilia, Obiero kuliko wote. Yeye hakulia. Jumatatu ilipofika alikwenda kwa profesa wake na sanduku la viatu. Alimwekea mezani ile kadi, akamweleza kwa Kiswidi kilichonyooka kwamba sasa anajua. Askari aliuliza. Aliyejibu alikuwa mjane. Alimtaja mwanawe asiyekuwapo, ili mwanawe akirudi apaone. Askari alikuwa na haraka, akaandika. Ndivyo ilivyokuwa Nguvumoja, na ndivyo ilivyokuwa Napoca, na huyo Napoca, yeyote aliyekuwa, hakurudi.

Profesa aliisoma kadi pande zote mbili. Alikuwa mtu mwema. Alivua miwani, akaifuta, akampa pole kwa mama yake. Kisha akamwambia kwamba huu ni mfano mzuri kuliko yote aliyopata kuisikia, na kwamba mfano si ushahidi. Aliuliza kama kuna mahali umechapishwa. Hakuuliza kwa ubaya. Ndivyo kazi ilivyo: jiwe husadikiwa kwa sababu ni jiwe, na mama, ili asadikiwe, inabidi kwanza azikwe miaka elfu moja na mia nane.

Deusdedit akamshukuru, akatoka. Sanduku akaliacha mezani. Profesa alimpigia simu kiwandani mara mbili kumkumbusha, kisha akaacha.

Sasa watu wakamwambia neno walilodhani ni la faraja: ahadi imetimia. Amemjua aliyetoa jina, hata kama vitabu havimtaki. Hakuna atakayemnywesha pombe nje na mbuzi. Clementina alizunguka kwa watu, akachangisha, nauli ikapatikana kwa wiki mbili, akampelekea katika bahasha.

"Kaka Deusi, nenda nyumbani," alimwambia. "Ukaone kaburi tu. Ukirudi, urudi."

"Nitashuka pale niulize njia ya Kwa Deusi," akasema. "Wataniuliza mimi ni nani. Nikiwaambia, watacheka, maana wao wanajua Deusi ni mzungu. Nikiwashikilia kwamba ni mimi, wataniuliza ulikuwa wapi. Hapo, Clementina, unipe jibu la kuwapa."

Clementina akaiacha bahasha juu ya meza, akateremka ghorofa zote kwa ngazi, ili asisimame na watu kwenye lifti.

Bahasha hiyo ndiyo aliyokuwa nayo mfukoni wiki iliyofuata, alipopanda treni mpaka kusini mwa jiji, karibu na makaburi makubwa yaliyo ndani ya msitu, kwenye karakana ya mchonga mawe. Januari alikuwa amemwambia kwamba juu ya kaburi kuna msalaba wa mti, na mchwa wa Nguvumoja hawana ujamaa na msalaba. Mchonga mawe alikuwa mzee mwenye aproni ya ngozi na vumbi katika nyusi. Alimwonyesha granaiti nyeusi, ya kijivu, na ile nyekundu. Deusdedit akapitisha vidole juu ya herufi za mawe ya watu wengine, kwa mazoea, akitafuta mkono wa aliyechonga.

Mzee akachukua karatasi ya kuagizia, akauliza jina la marehemu. Leokadia. Mwaka wa kuzaliwa? Haujulikani. Wa kufa? Elfu moja mia tisa sabini na nne, mwishoni. Mzee akaandika yote bila kushangaa, maana makaburini hakuna asichokiona. Akauliza kama pawekwe na jina la mahali. Watu wengi siku hizi hupenda kuweka alikotoka marehemu, alisema, hasa wale waliofia mbali na kwao.

Deusdedit akayapitia majina aliyokuwa nayo. Nyamokera hakikuwapo. Nguvumoja hakikuwa chake wala cha mama. Lile la tatu, Kwa Deusi, akaliandika kwa kidole juu ya vumbi la meza, akalifuta. Nje lori lilikuwa likishusha mawe, moja moja, kwa kamba.

Mzee alidhani kwamba mteja wake anasita kwa sababu ya gharama. Akaweka kalamu chini, akamweleza kwa upole kwamba jiwe lina bei yake na maandishi yana bei yake, na kwamba maandishi hayahesabiwi kwa maneno. Herufi moja, ya kuchongwa na kupakwa rangi, ilikuwa krona tisa.